Lita 63 za maji mjini Bukavu: nani akae na nani

Akwariamu yangu ina urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 35. Ilitengenezwa na fundi wa vioo wa Kadutu, aliyekata vioo vya milimita tano na kuviunganisha kwa silikoni, kisha akanionya nisiitie maji kabla silikoni haijakauka kabisa. Kwa hesabu ya shuleni tangi la vipimo hivyo hubeba lita 63, lakini ukiondoa mchanga, mawe na vidole vitatu vya nafasi ninayoiacha juu, maji yenyewe hayafiki lita 52. Naanza na hesabu hii kwa sababu karibu kila anayekuja nyumbani kuniuliza ni samaki gani wanaoweza kukaa pamoja huanza na rangi: anataka mwekundu mmoja, wa bluu wawili, na mmoja mkubwa wa kupendeza wageni. Mimi pia nilianza hivyo, na samaki waliolipia kosa hilo hawakuwa wachache.

Mwaka 2017 nilirudi kutoka Kigali na ndoo mbili zenye vifuniko, maana Rwanda imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, na ndani yake kulikuwa na neoni sita, samaki malaika mmoja, samaki wa dhahabu wawili na kambale mmoja mwenye mdomo wa kunyonya ambaye muuzaji aliniambia kwamba angesafisha kioo. Wote walikuwa wadogo, hakuna aliyezidi urefu wa kidole changu cha mwisho, na wote walikuwa wameogelea pamoja kwa amani ndani ya tangi moja la dukani. Sikuwa najua kwamba amani ya dukani ni ya watoto, na ya siku chache. Kambale yule hukua hadi kuzidi sentimita 40, yaani zaidi ya upana wa tangi langu lote. Samaki wa dhahabu hukua kupita sentimita 20, hupenda maji ya baridi, na huchafua maji kuliko wenzake wengi wa ukubwa wake. Neoni ametoka kwenye vijito vya Amazonia vyenye maji laini na ya asidi kidogo. Samaki malaika naye ametoka huko huko, na ndiyo sababu watu hudhani kwamba watapatana, lakini huko kwao samaki malaika hula samaki wadogo wembamba, na neoni ni samaki mdogo mwembamba. Kwa miezi minne hakuna kilichotokea. Kisha malaika akakua, mdomo wake ukapanuka, na kila asubuhi nilikuwa nikihesabu neoni na kukuta pungufu mmoja, bila mzoga, bila hata mfupa mmoja juu ya mchanga.

Nilimlaumu malaika wakati ule, na leo naona nilikosea. Alifanya kile ambacho mwili wake umeumbiwa kufanya, na mimi ndiye niliyemweka karibu na chakula chake nikakiita rafiki yake.

Baada ya hapo nikaamua kuachana na samaki wa mbali na kutafuta wa kwetu. Uvira haiko mbali. Ni mwendo wa kilomita zisizofika 150 kutoka hapa, na Ziwa Tanganyika lina samaki ambao watu wa Ulaya na Marekani hulipa fedha nyingi kuwapata. Mbelgiji Pierre Brichard alijenga kule Burundi, tangu miaka ya 1970, biashara nzima ya kuwapeleka samaki hao nje, na mmoja wao, Neolamprologus brichardi, alipewa jina lake na mwanasayansi Max Poll mwaka 1974. Ni samaki wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, mapezi yake yamezungushiwa ukingo mweupe unaong'aa, na mkia wake umegawanyika kama wa mbayuwayu. Shemeji yangu aliyekuwa akifanya kazi Uvira aliniletea watano ndani ya bidoni ya njano aliyoikata sehemu ya juu, akaishika kati ya magoti njia nzima, tangu Kamanyola mpaka kwenye kona za milimani.

Hakuna samaki aliyenifundisha mengi kama wale. Kwanza, jamii hii ina utaratibu wa ukoo: watoto wakubwa hawaondoki, hubaki na kuwasaidia wazazi kulinda mayai na wadogo zao. Ukisikia hivyo utadhani ndio wanaofaa kabisa kuishi na wengine. Kumbe upendo huo ni wa ndani ya ukoo tu. Wawili kati ya watano walipooana, walichukua pango moja la mawe upande wa kushoto, na ndani ya wiki mbili wengine watatu walikuwa wamesukumwa kwenye pembe ya kulia, wakiwa wamekaa wima karibu na bomba la hewa, mikia imechanika. Samaki anaweza kuwa mpole sana kwa wa kwake na asiweze kabisa kumvumilia wa nje, na anayeuliza kama samaki fulani ni mpole anapaswa kuuliza vilevile ni mpole kwa nani.

Pili, na hili ndilo lililoniumiza zaidi, uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Kivu, ambalo mji wetu wa Bukavu uko kando yake, liko mita 1,460. Uvira kuna joto, nasi huku juu tunalala na blanketi. Samaki wa Tanganyika wamezoea maji ya nyuzijoto 24 hadi 27 mwaka mzima, lakini maji yaliyotulia sebuleni kwangu, bila kipasha maji, huwa nyuzijoto 19 asubuhi za mwezi wa saba na hufika 22 mchana wa mwezi wa pili. Nilikuwa na kipasha maji cha wati 50 na nilikitegemea. Umeme ukakatika mtaani kwetu kwa siku nne. Siku ya pili usiku kipimajoto kilisoma 18, na wale samaki wenye ukingo mweupe walikuwa wamelala ubavu juu ya mchanga, rangi imewatoka, matamvua yanafunguka na kufunga polepole sana. Nilichemsha maji kwa makaa, nikayatia kwenye chupa na kuziacha chupa zielee ndani ya tangi, usiku kucha. Wawili walipona. Niliwarudisha Uvira kwa shemeji yule yule, na tangu hapo sijawahi tena kuweka katika nyumba hii samaki ambaye uhai wake unategemea waya.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu wa Bukavu unaanzia mahali ambapo vitabu vya kigeni havianzii. Nunua kipimajoto kabla ya kununua samaki. Jaza tangi maji, liache wiki mbili mahali litakapokaa, usitie kipasha maji, na andika joto asubuhi na jioni. Namba utakazopata ndizo zinazokupa orodha ya samaki, na orodha hiyo ni fupi kuliko ile ya Kinshasa au ya Bujumbura. Gapi, ambaye kila mtu husema ni rahisi, anataka nyuzijoto 22 na zaidi, na katika baridi yetu huishi akiwa mgonjwa mgonjwa, mapezi yamekunjwa. Samaki mpiganaji wa Siam anataka 24 na kuendelea. Tetra wa Kongo, Phenacogrammus interruptus, fahari ya mto wetu mkuu, ambaye dume lake mwanga ukilipiga ubavuni hutoa bluu, dhahabu na zambarau kwa pamoja, anataka 23 na zaidi, na tena anataka kundi na tangi lenye urefu wa mita moja na nusu hivi ili aweze kunyoosha mbio. Ninampenda samaki huyo kuliko wote na sitamweka.

Joto likishajulikana, yanafuata maji yenyewe. Sisi wa mji huu tuna maji ya aina tatu na kila moja ni ulimwengu wake. Kuna maji ya bomba, ambayo hutiwa klorini na lazima yakae wazi siku nzima, au zaidi, kabla samaki hawajayagusa. Kuna maji ya mvua, laini kabisa, yasiyo na chumvichumvi za kuyashikilia, kiasi kwamba asidi yake inaweza kuyumba kwa siku moja. Na kuna maji ya ziwa, ambayo wengi huyachota wakidhani kwamba kwa kuwa samaki wanaishi humo basi yatafaa samaki wote. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH (kipimo cha asidi, ambapo 7 ni katikati na chini yake ni asidi) karibu na 9, yana magnesi nyingi kuliko kalsi, na kila lita hubeba takribani gramu moja ya chumvi za aina mbalimbali. Samaki wa kwao wameyazoea kwa maelfu ya miaka, lakini neoni akitiwa humo ni sawa na kumtia mtu wa kijijini kwetu kwenye shimo la chumvi.

Maji haya yana hatari nyingine ambayo nimeona ikiua tangi zima la jirani. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia. Sehemu ya amonia hiyo hukaa katika hali isiyodhuru sana, na sehemu hukaa katika hali ya sumu inayochoma matamvua, na kinachoamua ni kiasi gani kiwe sumu ni pH na joto. Katika maji ya nyuzijoto 20 yenye pH 7, sumu haifiki hata nusu ya asilimia moja. Katika maji ya joto hilo hilo yenye pH 9, inazidi robo nzima. Uchafu ni ule ule, samaki ni wale wale, lakini tangi la maji ya ziwa lina madhara mara nyingi zaidi. Jirani alikuwa amefuata mwongozo uliomruhusu samaki 15, akabadili maji ya bomba kwa maji ya ziwa siku ya usafi, na kesho yake asubuhi waliobaki walikuwa juu wakitweta.

Bakteria wanaokula amonia na kuigeuza kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, huchukua wiki nne hadi sita kukaa vizuri kwenye mchanga na kwenye chujio, na katika maji ya baridi kama yetu huchelewa zaidi. Sitarefusha hapo, anayeanza aombe viganja viwili vya mchanga kutoka tangi la mwenzake lenye afya na awe na subira.

Nirudi kwa samaki wa kwetu kabisa, wa Kivu. Ziwa hili lina aina 15 za samaki wa jamii ya hapulokromisi ambazo hazipatikani kwa asili mahali pengine popote duniani. Ni ndugu wa wale ambao watu wa Ziwa Viktoria huwaita furu. Joto la maji ya ziwa ni karibu nyuzijoto 23 au 24, kwa hiyo hawako mbali sana na hali ya nyumba zetu, na katika saa za jua nyumba inayopata mwanga vizuri hukaribia hapo. Nilifikiri nimepata jibu. Mzee mmoja mvuvi wa upande wa Nguba alinikamatia vijana sita kwa wavu wa mkono kando ya mawe. Kwa majuma machache walikuwa wa kijivu wote, huwezi kumtofautisha mmoja na mwingine. Kisha asubuhi moja mmoja wao alikuwa amevaa. Sina neno lingine. Mwili ulikuwa umekolea weusi wenye bluu ndani yake, mstari mweusi ulipita jichoni kama wanja, na kwenye pezi la chini nyuma palikuwa na madoa ya rangi ya chungwa, mviringo kabisa, mfano wa mayai. Alichimba shimo kwenye mchanga kwa mdomo, akabeba chembe moja moja na kuzitema kando, na kila aliyepita juu ya shimo hilo alimkimbiza hadi kwenye kioo cha mwisho. Siku ya nne dume la pili nalo likaanza kukolea. Walisimama ubavu kwa ubavu, vichwa vimeelekea pande tofauti, wakitetemeka, kisha wakashikana midomo na kuzunguka kama watu wanaovutana kanga. Yule wa pili alishindwa. Rangi yake ilifutika ndani ya dakika moja, akaenda kujificha nyuma ya bomba, na mwenzake hakumwacha hata hapo.

Nilimrudia yule mzee. "Papa," nikamwambia, "hawa samaki ulionipa wanauana. Ziwani wanaishije?"

Alifikiri kidogo, akafunga uzi aliokuwa akiushona. "Mama, ziwani aliyeshindwa huenda zake. Kwako ataenda wapi?"

Sijasikia maelezo bora zaidi ya kazi hii yote. Ugomvi mwingi tunaouona ndani ya akwariamu upo ziwani na mtoni vilevile, ila huko huisha kwa aliyeshindwa kuogelea mita tatu. Katika tangi la sentimita 60 hakuna mita tatu. Ndiyo maana swali la nani akae na nani ni swali la nafasi kabla halijawa swali la tabia, na samaki wa kugawana mipaka hawafai kabisa katika maji machache kama yangu, hata wakiwa wadogo, hata wakiwa wazalendo. Jike moja lilikuwa limeshaanza kubeba mayai mdomoni, koo limevimba, halili, nami nilitamani sana kuona watoto wakitoka. Lakini nilimchukua pamoja na wenzake wote kwa ndoo hadi kwenye mawe yale yale walikotolewa, na kwa kuwa walikuwa samaki wa ziwa lile lile na hawakuwa wamechanganywa na wengine, niliona hakuna ubaya.

Nasisitiza jambo hilo la kuchanganywa, maana nyumba nyingi za Ibanda zimekaa juu ya ziwa, na njia rahisi ya kuachana na samaki aliyekua kupita kiasi ni kumtupa majini. Tafadhali, usifanye hivyo. Sambaza, yaani dagaa tunayoila kila siku, si wa hapa. Ililetwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, kwa sababu maji ya katikati ya ziwa hayakuwa na samaki wa kuyatumia, na ikashika kweli kweli, hata leo mamia ya taa za wavuvi usiku zinaifuata. Watu walipata kitoweo. Lakini dafnia, mdudu mdogo wa majini aliyekuwa akila mwani, alitoweka. Kama samaki aliyechaguliwa na wataalamu kwa ajili ya nafasi iliyokuwa wazi alibadilisha ziwa zima, sipendi kufikiri yule kambale wangu wa kunyonya angefanya nini. Nilimpa mtu mwenye bwawa la saruji.

Mpwa wangu wa miaka tisa, ambaye huja kila Jumamosi kulisha samaki, aliniuliza siku moja, "Shangazi, kwa nini usiweke sambaza? Ni wadogo, hawapigani." Lilikuwa swali zuri kuliko ya watu wazima wengi. Kwa tabia na kwa ukubwa sambaza angefaa, lakini ni samaki wa maji mapana, aliyezoea kwenda mbele bila kukutana na ukuta, na magamba yake hubanduka ukimgusa kwa wavu tu. Hufa kabla hajafika nyumbani. Sambaza huingia katika tangi langu kwa njia moja, akiwa amekaushwa bila chumvi na kusagwa unga, kiasi cha ncha ya kijiko, mara tatu kwa wiki.

Jambo lingine la mji wetu ambalo miongozo ya kigeni haiwezi kulijua ni kimo. Katika mita 1,500 shinikizo la hewa ni pungufu kwa takribani sehemu moja ya sita kuliko pwani, na oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa kiasi hicho hicho. Maji ya nyuzijoto 20 yaliyoko usawa wa bahari hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Hapa hubeba saba na nusu. Ukiyapasha hadi 26 hushuka chini ya saba, wakati huo huo joto likimfanya samaki ahitaji oksijeni zaidi. Sasa ongeza kwamba pampu ya hewa hutegemea umeme. Ile kanuni inayozunguka kila mahali, sentimita moja ya samaki kwa kila lita ya maji, siikubali hata kwa watu wa pwani, kwa sababu samaki wa sentimita kumi hali wala hapumui kama samaki wawili wa sentimita tano. Mwili wake ni karibu mara nane ya mmoja wao. Kwa sisi wa milimani nasema: chukua idadi unayoambiwa na mwongozo, kisha punguza theluthi. Na hapo ndipo nilipoona kwamba baridi niliyokuwa nikipigana nayo kwa miaka miwili ilikuwa upande wangu. Samaki wa maji baridi hutumia oksijeni kidogo, na maji baridi hushika oksijeni nyingi, kwa hiyo usiku umeme ukikatika samaki huyo ana saa nyingi za kuvumilia ambazo samaki wa joto hana.

Basi nikatafuta samaki wa milimani, kwa ajili ya nyumba ya milimani. Wa kwanza ni samaki wa Wingu Jeupe, Tanichthys albonubes, kutoka vijito vya mlima Baiyun karibu na mji wa Guangzhou nchini China, ambaye wanasayansi walimweleza mwaka 1932. Hafiki sentimita tano. Mwili wake una mstari wa fedha kutoka jichoni hadi mkiani, mkia una doa jekundu, na nyuzijoto 18 hadi 22 ndizo anazozipenda, yaani sebule yangu kama ilivyo. Hupita sehemu ya kati na ya juu ya maji, na madume hushindana kwa kutandaza mapezi tu, hawaumani. Anataka kundi; wakiwa watatu hujificha kwenye majani na rangi hupotea, wakiwa wanane ni samaki wengine kabisa.

Wa pili ni kambale mdogo mwenye madoadoa, Corydoras paleatus, wa Amerika ya Kusini, ambaye Charles Darwin alimkusanya katika safari ya meli ya Beagle. Hukaa chini, hufika sentimita sita au saba, hana ugomvi na mtu, na nyuzijoto 18 hadi 23 zinamtosha. Ana uwezo mmoja uliofanya nimchague mbele ya wote: huweza kupanda juu, kumeza hewa na kuitumia kupitia utumbo wake. Mara ya kwanza kuwaona wakifanya hivyo nilidhani maji yameharibika. Ni mshale mmoja kwenda juu, kishindo kidogo, mshale mwingine kurudi chini. Wakifanya mara moja moja ni kawaida; wakifanya mfululizo, maji yana shida.

Kwa huyu nilikosea mara moja. Nilikuwa nimetandika changarawe nyeusi ya lava kutoka Goma, kwa sababu rangi za samaki huonekana vizuri juu ya weusi. Baada ya mwezi mmoja nililala kifudifudi mbele ya kioo kuwatazama wakila, nikaona sharubu zao, ambazo zilipaswa kuwa ndefu kama uzi, zimebaki vijiti vifupi vyekundu. Samaki huyu hula kwa kuzamisha pua mchangani, na lava hukata kama wembe. Nilitoa changarawe yote siku hiyo hiyo, nikaweka mchanga wa mto uliochekechwa na kuoshwa ndoo kumi na mbili, na sharubu ziliota tena polepole, ingawa mmoja hakuzipata zote.

Kulikuwa na wa tatu, plati, ambaye naye huvumilia nyuzijoto 18 na hapigani. Nilinunua majike matatu peke yake, nikidhani nimeepuka uzazi. Majike wa jamii hiyo huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi, na dukani walikuwa wamekaa na madume. Wiki ya tatu nilikuta vitu kama nusu ya punje ya mchele, vyenye macho mawili makubwa, vimetulia kati ya mizizi ya magugu yanayoelea. Vilikuwa 22. Wiki ya saba vilikuja vingine. Hawakumdhuru mtu, lakini lita 52 hazina pa kuwaweka, na niliwagawa wote, wazazi kwa watoto, kwa rafiki mwenye tangi kubwa. Kwa nafasi ndogo, samaki anayezaa bila mpango hafai hata kama ana tabia njema kuliko wote.

Kila mgeni hukaa kwanza wiki mbili katika beseni lake kando, kwa sababu ugonjwa wa madoa meupe huingia na samaki mmoja na kutoka na wote. Ndoo yake naiacha ielee juu ya maji ya tangi, joto lisawazike, kisha namwongezea maji ya tangi kikombe kimoja kila dakika kumi kwa muda wa saa moja. Makambale siwashiki kwa wavu, kwa kuwa miiba ya mapezi yao hunasa kwenye nyuzi, natumia kikombe.

Mpwa wangu angali anadai samaki wa ziada. Huonyesha kwa kidole mahali ambapo kwa macho yake hakuna mtu: pembe ya kulia, juu, karibu na bomba. Ndiyo pembe waliyosukumiwa wale watatu wa Uvira, na ndipo alipojificha yule dume wa Kivu. Nimemweleza kwamba pembe hiyo ina mwenyewe, ni ya yeyote atakayehitaji kumkimbia mwenzake kwa dakika mbili, na amekubali kwa shingo upande.

Mwezi wa saba uliopita umeme ulikatika kwa saa 31. Pampu ilinyamaza, na katika ukimya huo nilisikia kishindo kidogo cha kambale akimeza hewa, kimoja, kisha baada ya muda mrefu kingine. Kipimajoto kilisoma 19, kama kila asubuhi ya mwezi huo. Usiku wa pili niliwasha tochi nikaifunika kwa kitambaa nisiwashtue, nikahesabu: wanane wamesimama bila kusogea kati ya majani, watano juu ya mchanga.